Gauni la Kaskazi

Karatasi hii ilikuwa mfuko wa saruji.
Mama aliupasua, akaugeuza ndani nje,
akaukung'uta uani mpaka paka akapiga chafya,
akaunyoosha kwa pasi ya mkaa, akachora juu yake
kifua, mgongo, kola ya duara, mkono wa puto.
Hata leo ukiikunja vibaya
inatoa vumbi la nyumba tusiyoijenga.

Pembeni, kwa penseli, majina ya waliokatiwa:
Zahabu, Idi Mosi.
Mwanakombo, alipohitimu juzuu.
Na mimi, bila tarehe. Mbele yangu mama kaandika
"ongeza kiunoni",
wala hakuficha, tukasoma wote.

Leo ni zamu ya Saumu, binti wa mdogo wangu,
miaka saba na meno pungufu.
Kaskazi imeingia Ngamiani bila hodi,
Barabara ya Kumi na Nne mabati yanatatarika,
na gauni lake la sikukuu ni zito, halipumui.
Nimenunua poplini nyeupe, vidoto vya rangi ya ndimu.

"Simama wima."
Anasimama kama mshumaa uliosahauliwa juani.
"Usicheke."
Anacheka. Kifua kinapanda inchi nzima.
Naiandika na hiyo inchi:
nguo isiyo na nafasi ya kicheko haivaliki.

Nikafika shingoni.
Futi ya kamba ikalala juu ya mstari
mwekundu, mwembamba, kama mshono uliofumuliwa.
Nikauliza. Akachomoa kifuani ufunguo
kwenye uzi wa katani, wa moto kwa jua.
Mama yake yuko kiwanda cha maziwa,
hurudi magharibi imeshapita.
Mtoto akitoka shule hujifungulia,
hujipakulia, hujifungia.
"Uzi unawasha, Mamkubwa. Nitilie mfuko."

Mfuko!
Nikapekua mbele, nyuma, mkono, kola.
Hamna.
Miaka arobaini ya mabinti
na hakuna aliyekatiwa pa kutia mkono.
Senti zetu tulizifunga pindoni mwa kanga za watu wazima,
peremende tulizibana kiganjani zikayeyuka.
Mkono mtupu haulambwi, tuliambiwa.
Uliojaa tuuweke wapi, hakusema mtu.

"Tandaza kiganja."
Nikapitisha penseli kukizunguka, kidole gumba kina wino wa shule,
nikaacha nafasi ya mshono,
kisha nafasi ya kukua.

Saa nane umeme ukakatika mtaa mzima.
Cherehani yangu haina habari, yenyewe hula miguu.
Nikapiga bandi, nikakusanya marinda,
pindo nikaliachia vidole vitatu vya akiba,
mwakani, Mungu akipenda, tutalishusha.
Puto la kushoto limevimba kuliko la kulia.
Nimelifumua kwa wembe, nimelirudia, limevimba vilevile.
Basi.
Lakini mfuko nimeupitishia uzi mara mbili,
na pembeni mara tatu, maana chuma hutoboa.

Mdogo wangu alikuja baada ya isha,
mikono ina harufu ya maziwa yaliyochemka.
Akaligeuza gauni mbele na nyuma, akasifu kola.
Kisha akatia vidole viwili mfukoni
akaviacha humo
muda mrefu kuliko mfuko unavyotazamwa.
Mimi nikawa natafuta sindano
ambayo nilikuwa nimeichomeka begani.

Saumu alilala nalo, hakuvuliwa,
mkono wa kulia haukuonekana.

Karatasi ya kiganja chake nimeikata vizuri,
nimeandika: Mfuko. Saumu. Upande wa kulia.
Nimeilaza juu ya kifua, mgongo, kola na mkono,
nikavikunja vyote pamoja polepole, vumbi lisitoke,
nikavifunga kwa ule uzi wa katani
uliokuwa shingoni.